Mageuko, usanifu na darasa la bayolojia: maswali ya wanafunzi wa ualimu wa Malindi

Kila likizo ndefu ya vyuo, wanafunzi wa ualimu wanaorudi nyumbani Malindi, Watamu na Mambrui, na wengine wanaopanda basi Mokowe kuja huku kutoka Lamu, hukaa nasi alasiri mbili tatu kabla ya kwenda TP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Tunapitia mada zinazowatia jasho darasani. Jenetikia huchukua saa moja. Mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, huchukua siku nzima, na buli la kahawa hukauka kabla ya maneno. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mwaka. Majibu ni yangu, mwalimu wa bayolojia wa siku nyingi, na mahali ninapotoa rai yangu nitasema ni rai yangu.

Wanafunzi wa chuo wa huku wana msimamo gani?

Ukisoma habari za Marekani utadhani kuna kambi mbili tu, ya sayansi na ya dini. Barazani kwetu nimesikia misimamo minne, na mara nyingine yote kwa mtu mmoja, kabla na baada ya swala ya alasiri.

Yupo anayesema kila kiumbe kiliumbwa kama kilivyo leo, na mageuko ni ya kujibia mtihani tu. Yupo anayekubali kwamba wanyama na mimea hubadilika, lakini Adamu mumtoe kwenye hesabu hiyo. Huu ndio ninaousikia zaidi kwa vijana wa Kiislamu. Yupo anayesema Mungu aliumba kwa njia ya mageuko, kama fundi anavyotumia patasi. Wakatoliki wengi husimama hapa. Na wapo wachache wanaoyakubali mageuko bila kumtaja Mungu. Hao husema kwa sauti ya chini, wenzao wakishaondoka.

Ila ukiwauliza kuhusu kufundisha, tofauti hizo zinapungua. Karibu wote wanataka mageuko yafundishwe. Wanabishana iwapo kuna kingine cha kufundishwa kando yake, kama uumbaji au “usanifu wenye akili” (intelligent design). Jibu linalopendwa ni “zote mbili, mtoto achague mwenyewe”. Nitalirudia hilo, maana linasikika la haki kuliko lilivyo.

Kwa nini mjadala huu huwa mkali zaidi kwa Kiswahili?

Kwa sababu somo tunalifundisha kwa Kiingereza, lakini ugomvi tunaufanya kwa Kiswahili, na maneno yetu yana mitego.

Chukua “nadharia”. Mtu akisema “hiyo ni nadharia tu”, ana maana ya maneno matupu yasiyo na vitendo. Mwanasayansi akisema nadharia, ana maana ya maelezo mapana yanayounganisha ushahidi mwingi na ambayo yamejaribiwa yakasimama. Kwamba maradhi mengi huletwa na vijidudu ni nadharia pia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Kisha “mageuzi”, kama wengine wanavyoyaita mageuko. Kwa Mkenya wa rika langu, mageuzi ni siasa za vyama vingi. Ndiyo maana mimi hutumia “mageuko”.

Mtego mbaya kuliko yote ni “binadamu alitokana na nyani”. Nyani ni yule anayeiba mahindi shambani! Si kima, si tumbili, si sokwe. Hakuna mwanasayansi anayesema tulitokana na huyo wala na mwingine yeyote anayeishi leo. Kinachosemwa ni kwamba binadamu na sokwe wana mababu wa pamoja walioishi kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na kwamba nyani ni binamu wa mbali zaidi. Mimi mwenyewe niliiandika sentensi ile ubaoni miaka mitatu mfululizo kabla mwanafunzi mmoja wa Ganda kuniuliza: “Mwalimu, mbona nyani bado wapo?” Swali lake lilikuwa sahihi. Ubao wangu ndio uliokosea.

Na huo “usanifu wenye akili” ni kitu gani?

Kwanza neno. Wengine husema “ubunifu”, na mwenye kubuni wanamwita mbuni. Darasa likisikia mbuni linafikiria ndege mwenye miguu mirefu, na kipindi kinaishia hapo. Mimi husema usanifu, na mwenyewe msanifu.

Hoja yake ni kwamba baadhi ya sehemu za viumbe ni tata mno kuweza kutokea kwa mabadiliko madogo madogo, kwa hiyo lazima pawe na akili iliyozipanga. Mzizi wake ni wa zamani. William Paley, padri wa Kiingereza, aliandika mwaka 1802 kwamba ukiokota saa njiani utajua ina mtengenezaji. Sura yake ya leo ilichongwa Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 1996 Michael Behe, mwanakemia wa viumbe, alitoa mfano wa mtego wa panya: toa springi, toa kibao, hauna mtego tena. Akasema mkia unaozunguka wa bakteria uko vivyo hivyo.

Wenzake walimjibu kwamba vipande vya kitu tata vinaweza kuwa na kazi nyingine kabla ya kukutana. Katika baadhi ya bakteria kuna sindano ndogo ya kusukumia sumu, iliyojengwa kwa protini zinazofanana na baadhi ya zile za kwenye mkia. Kipande cha mashine kina kazi yake bila mashine nzima.

Lakini ukikuta jahazi ufukweni Shela, si utajua lina fundi?

Swali hili huulizwa na vijana wa Lamu, na kwao si mfano wa kitabuni. Wamekulia karibu na mafundi wa majahazi wa Matondoni, wamesikia tezo likipiga mti tangu utotoni. Kwa hiyo nalijibu kwa heshima.

Ndiyo, utajua lina fundi. Unajua kwa sababu umewahi kumwona fundi akiliunda, na kwa sababu jahazi halizai. Sasa tuseme jahazi lingezaa vijahazi. Kila kijahazi kinamfanana mamaye, ila kimoja kina omo refu kidogo, kingine mkuku mzito kidogo. Kusi inakuja inazamisha vibovu. Vilivyobaki vinazaa tena. Baada ya vizazi elfu nyingi utakuta vyombo vinavyokata maji vizuri ajabu, na kazi ya kuchagua itakuwa imefanywa na bahari. Huo ndio uteuzi asilia alioueleza Charles Darwin katika kitabu chake cha 1859, na Alfred Russel Wallace aliufikia kivyake. Maandishi yao wawili yalisomwa pamoja London mwaka 1858.

Kijana mmoja alinirudia: “Na bahari aliiumba nani?” Nikamwambia hapo ametoka darasani kwangu na kuingia darasa la jirani, na sikumzuia kwenda. Bayolojia inaeleza vyombo vilivyopatikanaje. Swali la kwa nini pana bahari badala ya kutokuwa na kitu, bayolojia haina kipimo cha kulipimia.

Tena, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, hata fundi wa kweli hakuanza na karatasi tupu. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za nazi. Jahazi la misumari lilikuja baadaye, na kila fundi aliongeza kidogo juu ya alichoachiwa na mwalimu wake.

Ilikuwaje hoja hiyo ikafika mahakamani Marekani?

Hapa inafaa kujua mambo kwa mpangilio, kwa sababu wengi wetu tumeazima ugomvi wa Wamarekani bila kuazima sababu zake.

Katiba ya Marekani inakataza serikali kuidhinisha dini, na mahakama zimeamua kwamba shule za umma hazina ruhusa ya kufundisha dini kama imani. Mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha mageuko na akatozwa faini ya dola 100. Baadaye upepo ukageuka. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta sheria ya Louisiana iliyotaka “sayansi ya uumbaji” ifundishwe kila mageuko yanapofundishwa.

Mwaka 2004 bodi ya shule ya Dover, Pennsylvania, iliagiza wanafunzi wa bayolojia wasomewe tamko kwamba nadharia ya Darwin ina mapengo, na kwamba kuna kitabu cha usanifu wenye akili maktabani. Walimu wa bayolojia walikataa kulisoma, ikabidi wakubwa wa utawala waende kulisoma wenyewe. Wazazi 11 wakashtaki. Mahakamani ikaonekana kwamba katika rasimu za kitabu kile, baada ya hukumu ya 1987, maneno ya “waumini wa uumbaji” yalifutwa na kuwekwa “watetezi wa usanifu”. Mahali pamoja mfutaji alikosea na maneno mawili yakagandana, nusu la zamani nusu jipya. Behe naye, alipohojiwa, alikubali kwamba kwa maana pana aliyoipa nadharia ya kisayansi, unajimu nao ungeingia. (Kwetu Pwani, wapiga ramli wangefurahi sana.)

Tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, aliamua kwamba usanifu wenye akili si sayansi na hauwezi kutenganishwa na asili yake ya kidini. Mmoja wa mashahidi wakuu dhidi ya usanifu, mwanabayolojia Kenneth Miller, ni Mkatoliki.

Basi kwa nini sisi tusifundishe zote mbili?

Kwa sababu tayari tunafundisha. Katika mtaala wa 8-4-4, somo la CRE (dini ya Kikristo) kidato cha kwanza lilikuwa na masimulizi ya uumbaji ya kitabu cha Mwanzo, wazi, kwa jina lake. Kwenye IRE (dini ya Kiislamu) Allah ndiye Muumba, bila kificho. Kwenye Historia kidato cha kwanza mwanafunzi alipewa nadharia ya uumbaji, masimulizi ya jadi ya makabila, na mageuko. Hata sura ya mageuko katika bayolojia ya kidato cha nne hutaja uumbaji kama mojawapo ya maelezo ya asili ya uhai kabla ya kuingia kwenye ushahidi.

Usanifu wenye akili ulivaa koti jeupe la maabara ili upite pale ambapo dini imezuiwa mlangoni. Kenya mlango huo uko wazi. Mtoto wa Malindi humsikia Muumba madrasani alfajiri, au kanisani Jumapili, au kwa bibi yake Mgiriama anayemtaja Mulungu kabla ya kupanda mahindi. Hana haja ya msanifu asiye na jina. Rai yangu ni kwamba mwenye imani ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kukataa biashara hiyo, kwa sababu inamfanya Mungu wake akae kwenye mapengo ya vitabu vya bayolojia, na mapengo hayo huzibwa kila mwaka.

Nitumie mifano gani ya hapa nyumbani?

Acheni wale nondo wa Uingereza waliobadilika rangi kwa moshi wa viwanda. Ni mfano mzuri, lakini mtoto wa Gongoni hajawahi kuona moshi huo.

Anzeni na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Karibu kila darasa la Pwani lina anayemjua mgonjwa. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu nchini mwaka 1949 akaona jeni ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: aliyerithi jeni moja hukingwa dhidi ya malaria kali, aliyerithi mbili huugua. Mahali penye mbu wengi, jeni inayoua wengine inawaokoa wengi zaidi, kwa hiyo haiishi. Huo ni uteuzi asilia ndani ya mishipa ya watu wa darasa lenyewe.

Kisha dawa za malaria. Wazazi wao wanakumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Vimelea vichache vilivyoweza kuihimili vikazaana, dawa ikashindwa, na mwaka 1998 Kenya ikaiweka kando kama dawa ya kwanza na kushika za aina ya Fansidar. Nazo hazikudumu. Kufikia 2006 tulikuwa tumehamia dawa mseto zenye artemisinini.

Mfano wa kuchekesha ni sengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, yule mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Ukimtazama utasema panya. DNA imeonyesha ni jamaa wa tembo, pimbi, muhanga na nguva kuliko alivyo jamaa wa panya. Na nguva wa visiwa vya Lamu, anayekula nyasi za baharini, jamaa yake wa karibu nchi kavu ni ndovu. Darasa hucheka, halafu hunyamaza, halafu maswali huanza. Mwalimu hataki zaidi ya hapo.

Samaki wa Malindi je? Si anathibitisha kwamba hakuna mageuko?

Anazungumziwa silakanti. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, na kudhani alitoweka pamoja na madinosauri, kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mmoja alinaswa na nyavu za trola huku kwetu, nje ya Malindi. Wanaopinga mageuko husema: tazama, hakubadilika. Amebadilika. Silakanti wa leo si spishi ile ile ya kwenye mawe. Umbo la jumla limebaki kwa sababu anaishi kwenye kina ambako mazingira hayabadiliki haraka, na nadharia haisemi kila kiumbe lazima kibadilike kwa kasi moja.

Na yule mtoto wa Panga ya Saidi?

Pango lipo katika kaunti yetu hii ya Kilifi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba ndani yake palizikwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana Afrika. Mifupa ilikuwa laini mno kuguswa, ikabidi itolewe pamoja na udongo wake ndani ya plasta. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto.

Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa, na dalili zinaonyesha alifungwa kwenye kitu na kichwa kuwekewa kama mto. Nilipolieleza hili mara ya kwanza, kijana wa Lamu alisema polepole, “Ubavu wa kulia, kama sisi.” Nikamwomba asiharakishe kujenga juu ya hapo, mwili mmoja hausemi dini yoyote. Lakini hata anayeikataa tarehe hakulikataa lile kaburi. Miaka hupimwa kwa chembe za mchanga zilizomzunguka, zinazotunza kumbukumbu ya mara ya mwisho kuona mwanga, na maelezo ya kipimo yanafaa kipindi kizima.

Makumbusho ya Nairobi yaliwahi kupigiwa kelele kwa ajili ya mifupa?

Ndiyo, mwaka 2006, wakati jumba likikarabatiwa. Baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjili hawakutaka visukuku vya watu wa kale viwekwe mbele. Mvulana wa Turkana, aliyegunduliwa na Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984, mwenye umri wa kiasi cha miaka milioni 1.5, alikuwa katikati ya mzozo. Jumba lilifunguliwa tena 2008, na visukuku vikawekwa.

Ni kweli Waislamu waligundua mageuko kabla ya Darwin?

Nusu. Al-Jahiz wa Basra, karne ya 9, aliandika jinsi wanyama wanavyowindana na kushindania maisha. Ibn Khaldun, mwaka 1377, alipanga viumbe kwa daraja, kutoka madini hadi mimea, wanyama, kima, kisha mtu. Ni fikra kubwa na mtoto wa madrasa ana haki ya kuzijua. Lakini ngazi ya daraja si uteuzi asilia, na kumpachika Darwin kilemba hakumheshimu yeyote.

Nataka mradi wangu wa mwaka wa nne uwe juu ya maoni ya wanafunzi kuhusu mageuko. Niulize vipi?

Usiulize “Je, unaamini mageuko?” Neno “kuamini” linamwita mtu kutetea dini yake, na utapima hofu badala ya maoni. Tenganisha maswali matatu: anaelewa nini, anakubali nini, na angependa nini kifundishwe. Mtu anaweza kupata alama zote kwenye la kwanza na kukataa la pili.

Tenganisha binadamu na viumbe wengine, maana jibu hubadilika. Pia usitoe machaguo mawili tu. Gallup ya Marekani mwaka 2024, ikiwa na machaguo matatu, ilipata asilimia 37 waliosema Mungu alimuumba mtu kama alivyo, 34 waliosema aligeuka kwa uongozi wa Mungu, na 24 bila Mungu. Ondoa chaguo la katikati na hiyo theluthi italazimika kusema uongo. Kwetu huenda ungepoteza watu wenye fikra nzito kuliko wote barazani.

Mzazi, ustadhi au pasta akija shuleni kulalamika?

Msalimie, mpe kiti, muonyeshe silabasi na daftari la mtoto. Mimi husema: “Mzee, mtoto haambiwi aache dini. Anaambiwa aeleze ushahidi.” Wengi huondoka wamepoa. Mkatoliki anaweza pia kukumbushwa kwamba Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kuwa mageuko ni zaidi ya dhana. Usimtajie ustadhi maneno ya Papa. Nimejaribu.

Wanafunzi wakiniuliza, “Wewe mwalimu unaamini nini?”

Watakuuliza, na ni dakika ya kumi ya kipindi cha kwanza. Wengine hujificha: “Tusome tu.” Darasa linanusa woga. Wengine hutoa hotuba ya imani, na kipindi kinageuka mawaidha. Rai yangu: sema ukweli kwa sentensi moja, kisha rudi ubaoni.

Mwaka juzi mwanafunzi wangu wa TP, binti wa Lamu mwenye buibui na sauti ndogo, aliulizwa hivyo na kijana wa nyuma aliyetaka kumtega. Akamjibu: “Mimi naswali mara tano, na swali la sita hapa lina alama nne. Leta kalamu.”